Nimemulilia Mama wa Televizion

Leo haya imenimaliza. Nawaambia mwenyewe, kabla Mama Neema hajawaambia.

Jana niliteleza kwenye matope nikirudi shambani, muguu ukavimba. Asubuhi bwana yangu akasema: "Leo haulimi. Kaa, angalia televizion." Yeye akaenda soko ya Mushaki, watoto wakaenda masomo. Nikabaki mimi, muguu juu ya kiti, na chaneli ya taifa, maana antena yetu inakamata hiyo moja tu.

Siku ilianza na misa. Nikasali. Kisha mazoezi ya mwili: dada mumoja mwembamba akasema tuinue miguu. Nikainua ule muzima. (Hakuna mutu aliniona. Nawaambia tu mujue kama nilianza siku na nguvu.) Kisha mupishi akatupikia vitu vyenye hapa Karuba hatujui hata majina yake. Kisha ukulima: bwana mumoja mwenye boti safi miguuni, safi kabisa, akatufundisha namna ya kupanda viazi. Nilibishana naye peke yangu. Akamaliza, hakunijibu.

Zikaja habari, kisha wanasiasa wanne wakisema wote pamoja. Pale nikasinzia. Kuamuka, ilikuwa filme.

Ndani ya filme iko mama muzee, Mama Veronika. Anagonjwa kijijini. Binti yake yuko muji wa mbali, anapanda gari kuja, gari inakwama, anapanda ingine. Muzee anauliza kila mara: "Amefika?" Wanamujibu: "Yuko njiani." Akakufa wakiendelea kumujibu hivyo. Binti alipofika, alikuta udongo mubichi na watu wakikunja mikeka.

Hapa lazima niwaambie kitu. Mama yangu alikufa Walikale mwaka jana. Mimi ni wa kule kwenye pori, ndoa njo ilinileta huku milimani. Vita ilikuwa imefunga barabara. Kaka yangu akanipigia simu: "Usijaribu kuja, dada. Tumeisha kumuzika." Nikasema sawa. Majirani walikuja kuketi na mimi. Nikawapikia chai, nikawashukuru, nikaendelea kuchambua maharagi. Sikulia. Machozi yalikataa tu kuja. Watu wakasema niko na roho ngumu, na mimi mwenyewe nikaanza kuamini.

Leo yakaja yote. Sikulia kama mutu anayeangalia filme. Nililia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti, mikono kichwani: "Mama, unaniachia nani? Mama, njia ilikataa."

Karuba ni milima, sauti inafika mbali. Mama Neema, jirani yetu wa chini, akaingia na jembe mukononi, matope hadi magoti. Nyuma yake wamama wa mashamba ya karibu, wanalia hata kabla ya kujua wanamulilia nani. Kisha Papa Baraka, mwimbishaji wetu wa kanisa, na benchi juu ya kichwa, tayari kwa matanga. Alianzisha wimbo hata hajaitua.

"Nani amekufa?" Mama Neema akauliza, amenishika mabega. "Ni bwana yako? Ni mutoto?"

Mimi, ndani ya machozi, nikajibu ukweli: "Mama Veronika."

"Mama Veronika wa wapi?"

Nikaonyesha televizion na kidole.

Sasa muelewe: filme ilikuwa imeisha. Ilikuwa programu ingine, ya kuzungumza na waigizaji. Na pale, kwenye kiti kizuri, amepaka rangi ya mudomo, amevaa heleni, alikuwa Mama Veronika, anacheka na mutangazaji.

Wimbo ukakatika. Papa Baraka akaangalia televizion, akaniangalia mimi. "Njo huyu alikufa?"

"Alikufa sasa hivi," nikasema. (Ndiyo, nilisema hivyo. Mungu anisaidie.)

Mama mumoja akaanza kucheka, akaziba mudomo na kitenge. Kisha mwingine. Nilitaka kuingia chini ya kitanda, lakini muguu ulikataa kukunjika. Papa Baraka akainua benchi yake ili arudi.

"Tua hiyo benchi, Papa," Mama Neema akamuambia. Akazima televizion mwenyewe, akaketi chini karibu yangu na matope yake yote. "Dada, mama yako aliitwa nani? Siku ile haukutuambia hata jina."

"Feza."

"Basi leo tunamulilia Mama Feza."

Papa Baraka akaanza wimbo upya, na safari hii akaweka jina lake ndani. Tukalia hadi mvua ikawafungia wote ndani ya nyumba. Wakaniuliza alikuwa mutu wa namna gani. Nikawaambia alivyofunga samaki ndani ya majani na kumuchoma. Nikawaambia alivyoimba vibaya, kwa sauti kubwa, bila haya hata kidogo. Hakuna aliyecheka wakati ule. Mama Neema alinishika tu mukono.

Bwana yangu alirudi, akaona nyumba imejaa watu wenye kulia, akaangusha mulangoni chumvi yote aliyonunua soko. Nikamueleza. Anacheka hadi sasa.

Na ninyi mutacheka, najua. Mucheke tu, lakini huyo mama wa televizion mumuombee maisha marefu. Siku akikufa kweli, musiniite. Kilio chake nimeisha kukimaliza.