Barua ya Kurudisha Michembe

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe ina muhuri wa kampuni na sahihi yangu chini. Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla dereva wetu Mabula hajawasimulia kwa mtindo wake.

Kwa wasionijua, mimi ni mwanasheria wa kampuni moja ya kusomba mawe ya dhahabu huku upande wa Masumbwe. Idara ya sheria ina watumishi wawili: mimi na kabati la mafaili. (Kabati ndilo lenye busara.) Nasoma mikataba, nafuatilia vibali, na mwaka huu nimeandika Sera ya Zawadi, kurasa kumi na nne, nikawasomea watu wote pale kantini mpaka wali ukapoa. Inasema hivi: mtu mwenye shauri na kampuni akikuletea kitu, usikile, usikitumie, kirudishe siku hiyohiyo kwa maandishi. Hilo "kwa maandishi" nililiongeza mwenyewe na nikalipenda sana.

Sasa kuna Mama Shija. Malori yetu yanaomba kupita pembeni mwa shamba lake, na miezi minne nimekuwa nakwenda kwake kuzungumza. Ni mama wa miaka sabini hivi. Hajui kusoma, lakini kila kifungu anakuuliza mara tatu, na ile mara ya tatu ndipo unagundua ulikiandika vibaya. Nimempenda tangu siku ya kwanza. Makubaliano yalikuwa yasainiwe leo saa nane mchana, ofisi ya kijiji, mbele ya mtendaji na meneja wangu, na meneja alikuwa ameshawaahidi wakubwa zake kwamba leo haipiti bila sahihi.

Jambo jingine mlijue. Wiki tatu zilizopita nilimzika mama yangu, kwetu Muheza. Nikakaa siku nne, nikarudi kazini. Huku walijua watu wawili tu: meneja aliyenipa ruhusa, na Mabula aliyenipeleka stendi Kahama huku nalia njia nzima. Nikamwomba Mabula asimwambie mtu. Sikutaka pole. Nilijua wakianza kunipa pole nitamwagika, na nani atasoma mikataba?

Basi asubuhi nafika getini, mlinzi ananikabidhi kapu lililofunikwa kitenge. Nikafunua. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha juani, imechemshwa na karanga na bado ina moto. Mlinzi akasema kaileta Mama Shija kwa miguu, kaiacha na kuondoka. Harufu yake ilinifika mpaka tumboni. (Sikuwa nimekunywa chai. Siku hizi sinywi chai.)

Mtu wa kawaida angesema asante. Mimi nikahesabu: mwenye shauri, siku ya kusaini, chakula. Sera yangu ilikuwa haijawahi kupata mtihani wa maana. Daftari la zawadi lilikuwa na kalenda mbili za muuza matairi, basi. Nikakaa nikaandika barua, na naomba mnivumilie niinukuu, maana kijiji kizima kimeshaisikia.

"YAH: KUREJESHWA KWA MICHEMBE. Idara ya Sheria inakurejeshea kapu moja (1) la michembe na karanga, likiwa katika hali njema na bila kupunguzwa. Kampuni haipokei kitu chochote chenye nia ya kushawishi maamuzi."

Nikagonga muhuri. Nikaambatanisha na sera yenyewe, kurasa zote kumi na nne. Kwa mtu asiyejua kusoma.

Nikamwita Mabula alipeleke. Akalitazama kapu, akanitazama mimi.

"Dada, hili usilirudishe. Hili ni la..."

"Mabula, sera ni sera."

"Dada, nisikilize kwanza."

Sikumsikiliza. Nilimwambia aniletee nakala imesainiwa. Akaondoka bila kuwasha redio ya gari, na Mabula bila redio huwa hajui hata gia zilipo. Aliporudi alisema kafikisha, nakala haina sahihi, akaenda kukaa kivulini peke yake. Ningekuwa na akili ningemfuata nikamuuliza. Nilikuwa napanga mafaili.

Saa nane ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Mama Shija amekaa benchi la mbele, kapu miguuni, barua mkononi. Nikamsogelea, nikainama.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Mnaoishi huku mnajua. Mtu mzima akiiacha shikamoo yako hivihivi mbele ya watu, ni heri akuchape. Nikasubiri kidogo nikiwa bado nimeinama, nikijifanya natafuta kitu chini. Hakikuwepo.

Mtendaji akafungua kikao. Nikatoa mkataba, nikatoa na kidau cha wino cha kuwekea dole gumba. Mama Shija akainua mkono. Akasema taratibu kwamba kabla ya karatasi ya mchana, asomewe kwanza karatasi ya asubuhi, maana aliyemletea alikataa kumsomea. (Mabula, mlangoni, alikuwa anachunguza viatu vyake.) Nikasema haraka kwamba hilo tunaweza kulishughulikia baadaye, faragha. Hakuna aliyenitazama. Mtendaji akavaa miwani. Yule baba ana sauti ya kuendeshea mnada wa ng'ombe.

Akasoma yote. Alipofika "kapu moja, kwenye mabano namba moja," watu wakaanza kutikisika mabega. Alipofika "bila kupunguzwa" ofisi nzima ikalipuka. Meneja wangu akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Hata mimi nilitabasamu, nikifikiri labda tutaishia hapo.

Mama Shija hakucheka. Akauliza hiyo "nia ya kushawishi" maana yake nini. Mtendaji akajikuna, akamweleza kwa Kisukuma. Sijui Kisukuma, lakini niliona kicheko kikikatika benchi kwa benchi, nikajua amemwambia: anasema ulitaka kumhonga.

Mama akaikunja barua mara mbili.

"Nilimuuliza dereva kwa nini siku hizi huyu binti hacheki. Akaniambia kafiwa na mama yake. Kwetu aliyefiwa hapiki. Nikapika."

 

Jamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa pingamizi za kila aina: mipaka, mashahidi, vumbi la malori. Hili sikujiandaa nalo. Nilikuwa nimerudisha pole. Nilikuwa nimeirudisha kwa barua yenye kumbukumbu namba! Nikafungua mdomo kuomba radhi, kikatoka kilio. Wala si kile cha kistaarabu cha kugusa macho kwa leso. Ni kile chenyewe, cha Muheza, nilichokifungia wiki tatu, pamoja na kamasi. Nikashika karatasi iliyokuwa karibu nikajifuta. Ilikuwa mkataba. (Nakala ya tatu. Zipo nyingine.)

Mama Shija akainuka, akaja kukaa kando yangu. Akaniwekea kapu mapajani.

"Kula, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na wazee huwaita hivyo mabinti wanaowapenda.

Nikachukua kipande kimoja. Kilikuwa kimepoa na kimekuwa kigumu, kwa kosa langu. Sijala kitu kitamu hivyo tangu msibani. Meneja akainama, akauliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kusaini huku naendelea kula.

"Leo ni msiba, baba," Mama Shija akamjibu. "Karatasi yako ije Jumatatu. Nikimlisha leo na kuweka dole leo, watu watasema nimemnunua."

Nikaacha kutafuna. Chumba kizima, aliyeielewa Sera ya Zawadi alikuwa ni huyo asiyejua kusoma.

Meneja alisimama kitambo na simu mkononi, sijui akiwapangia wakubwa zake maneno gani. Kisha akaiweka mfukoni, akavua kofia, akaomba kipande. Akafuata mtendaji, wakafuata wengine, na kila aliyechukua mchembe alinishika mkono na kusema pole. Pole zote nilizozikimbia wiki tatu zilinikuta mchana mmoja zimepanga foleni. Mama Shija akaniuliza mama yangu aliitwa nani na alipenda kupika nini. Nikamwambia Mwanahamisi, na kisamvu cha nazi. Sikuwa nimelitamka hilo jina tangu makaburini.

Tulipoinuka akanizuia mkono. Akasema barua ya asubuhi ilikuwa na muhuri, basi na ya sasa anaitaka yenye muhuri. Nikaigeuza ileile, nikaandika nyuma: "YAH: KUPOKELEWA KWA MICHEMBE. Kapu moja (1). Limepunguzwa lote." Nikagonga. Mtendaji akaisoma kwa ile sauti yake ya mnada. Mama akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akanitazama.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Ile ya saa nane.

Wenzangu mnaoongoza idara za sheria, kwenye sera zenu ongezeni kifungu cha pole, na dereva akiwaambia "nisikilize kwanza", wekeni kalamu chini. Na mnaocheka nawaona. Daftari ninalo, na muhuri bado umo mkobani.