Finjani Katikati ya Hori la Musandam

Alkhamisi, 16 Januari 2025. Ibra.

Wifi yangu Ghanima karudi kutoka Norwe. Kaja kutoka Sur na simu imejaa picha: mahori, yaani bahari imeingia katikati ya milima, maporomoko ya maji yanashuka kila upande. Akasema mbele ya wageni kwamba sisi huku Omani hatuna hata kimoja. Nikamwambia tunavyo vyote, viko Musandam, na mwanangu Muadh ni nahodha wa boti ya watalii huko huko. Twende kesho. Maporomoko nayo nikamwahidi. Sijawahi kufika Musandam.

Ninachokitaka hasa ni bintiye, Balqis, kwa Muadh wangu. Wenyewe wanapendana. Ghanima hataki kusema ndiyo, eti bintiye ni wa mtu wa ofisi. Mwanangu ana cheti cha unahodha chenye muhuri. Nimekitia fremu.

Njia nimeipata. Wazee wetu mtu akienda kuposa, kahawa aliyopewa huiweka chini, hainywi mpaka mwenye nyumba amwambie haja yako umeipata. Kumkatalia ni aibu. Nitamfanyia Ghanima botini. Katikati ya maji atakimbilia wapi? Siri hii anaijua mume wangu Hamed tu, nduguye Ghanima.

Ijumaa, 17 Januari. Khasab.

Feri imenitapisha tangu tulipoipanda bandari ya Shinas. Nimenusa ndimu nne, nimesoma Ayatul Kursiy mpaka sauti imekauka. Ghanima kalala kama yuko kwake, Balqis ubavuni mwake.

Muadh katupokea bandarini, kanzu nyeupe, watu wanamwita kabtani. Nililia. Hamed akaniambia nijifute, watu wanadhani tumefiwa.

Jumamosi, 18 Januari. Horini.

Milima, subhanallah. Imesimama wima kutoka majini, myekundu, huoni hata jani. Mwanangu anapita katikati yake kwa mkono mmoja. Nikamwambia ashike usukani kwa miwili.

Ghanima kauliza maporomoko yako wapi. Nikasema baada ya kona. Kona tatu zikapita. Muadh kaninong'oneza kwamba Mama, huku hata maji ya kunywa yanaletwa kwa boti. Kweli, kwenye kijiji kimoja chini ya mlima tukaikuta boti ya maji inajaza tangi, mpira umepasuka, maji yanamwagika mwambani. Nikayaonesha kwa kidole. Ghanima akasema ya Norwe hayatoki kwenye mpira.

Balqis akacheka. Muadh akamtazama Balqis, hatazami mbele. Nikamkumbusha kwamba milima haitupishi.

Kisha akapiga mluzi, pomboo wakaja ubavuni mwa boti, sita. Ghanima akapiga makofi kama mtoto. Nikaona saa yangu imefika.

Nikatandika mkeka, nikatoa halwa, tende na dele la kahawa. Ghanima alikuwa amimine yeye, ndivyo nilivyopanga. Lakini mkono una mazoea. Nikamimina mwenyewe, nikampa yeye kwanza kwa kuwa mkubwa. Hapo ndipo nilipotambua. Anayemimina ndiye mwenyeji. Mwenyeji hamwekei mgeni wake finjani chini.

Ghanima akaiweka yake juu ya mkeka. Akasema, taratibu, Mama Muadh, sinywi mpaka unipe haja yangu.

Moyo ukaruka. Nikajua anataka ndoa, kamleta binti mwenyewe! Nikamwambia kunywa dada yangu, haja yako umeshaipata. Hamed akakohoa. Nimeshasema.

Akanywa. Akaitikisa finjani, yaani basi, ametosheka. Ndipo akaitaja haja: Muadh amuoe Balqis, na wakae kwake Sur, mtaa wa Aija, ghorofa ya juu, boti ziko pale pale. Ghorofa imeshapakwa rangi.

Mwanangu aende kukaa kwa wifi yangu. Nami neno nimeshalitoa, mbele ya milima yote ile. Muadh alifurahi mpaka akauacha usukani. Nikaushika mimi.

Jumapili, 19 Januari. Ndani ya feri.

Hamed kakiri. Alkhamisi ile ile alimwambia dada yake kila kitu. Eti Ghanima alimbana kwa maswali na yeye hajui kusema uongo. Sisemi naye tangu Khasab.

Ghanima anawaambia wanawake wa feri kwamba mkwewe ni nahodha, anazijua kona zote za Musandam. Ndiye huyo huyo aliyetaka mtu wa ofisi. Nikakaa katikati yao nikawaambia mimi ndiye niliyemzaa. Nikawaonesha na cheti, picha yake ninayo kwenye simu. Mmoja akaomba nimtumie.

Jumatano, 22 Januari. Ibra.

Nimelala vizuri, akili imerudi. Kosa lilikuwa kulishika dele tu. Ijumaa tunakwenda Aija kupanga harusi. Huko mgeni ni mimi, atamimina Ghanima. Nitaiweka finjani chini hata ikipoa, mpaka aniambie vijana watakaa Ibra.

Safari hii nimefunga mdomo. Sikumwambia mtu. Hamed tu, na ameniapia.