Mtaala wa Mkawasi na Vigezo Kumi na Vinne

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Siku sita zimebaki. Wakesho amesema wakati wa chai, bila kupandisha sauti. Mke wangu asipopandisha sauti ndipo anapomaanisha.

Hali ni hii. Shule ndogo aliyosoma Mkawasi ilifungwa Juni. Tukakubaliana mtoto asomee nyumbani, kwa mtaala unaofaa familia ya Kikristo. Nikajitolea kuuchagua. Bado nauchagua. Sasa Wakesho anataka jina la mtaala mmoja kabla ya Ijumaa kuisha. Jina, amesisitiza, si jedwali. Nisipolitoa, Jumamosi jioni yeye na mtoto wanapanda ndege kwenda Wundanyi kwa mama yake, na Mkawasi ataingia shule ya huko. Nafasi zao zimeshashikwa. Mimi nitabaki Maskati na kiyoyozi kibovu.

Mkawasi ana miaka tisa. Tangu azaliwe sijakaa hata wiki moja bila kumsikia akiimba bafuni.

Nimefungua jedwali. Mitaala mitatu. Nimeipa majina: Sanduku (unatoka Marekani, vitabu hamsini), Skrini (wa kwenye kompyuta) na Bunda (wa Nairobi, makaratasi matupu). Vigezo kumi na vinne. Miaka kumi na moja ya kazi ya stoo imenifunza kwamba kitu kisichopimwa hakipokelewi. Matokeo: Sanduku 91, Skrini 91, Bunda 91.

Nimeongeza kigezo cha kumi na tano. Yote 97. Nimekifuta.

Jumapili, 24 Agosti 2025

Nimetoka kazini mapema nikaujaribu Sanduku, kwa kurasa za bure nilizozipata mtandaoni. Somo la kwanza la sayansi: mtoto atoke nje akatazame theluji na kumshukuru Muumba. Nje palikuwa na joto la nyuzi arobaini na mbili. Nikakwangua barafu ya friza nikaitoa uani kwenye sinia. Mkawasi alipofika, sinia lilikuwa na maji. Akaniuliza tumshukuru Muumba kwa maji? Tukamshukuru.

Somo la pili baya zaidi. Kila Jumatatu mtoto asimulie mahubiri ya jana. Lakini huku sisi kanisani tunakwenda Ijumaa! Jumapili ni siku ya kazi. Ikifika Jumatatu hata mimi niliyekaa safu ya mbele sikumbuki aliyehubiri. Sanduku nimelipunguzia alama nne, kisha nikaona huruma nikalirudishia mbili.

Bi Khole, mwenye nyumba wetu, ametuona uani na sinia. Sisi tunapanga juu ya gereji yake hapa Azaiba. Alizaliwa Unguja, akasomesha huko ujanani, kwa hiyo nikampa jedwali awe mpimaji wa pili. Amelirudisha bila kuvaa miwani. Akasema, "Miye miwani hii nnasomea dawa tu, babake Mkawasi. Na mtoto wako mbona anasoma? Kila asubuhi yumo ukumbini mwangu na mamake na kitabu chao, wanakula baridi yangu. Wewe huna habari?"

Kitabu gani? Hatujachagua kitabu. Maskini, uzee. Nimemwitikia kwa heshima.

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Suluhisho limepatikana: Lameck.

Lameck ni mtu wa Musoma, fundi wa lifti, na msimamizi wa darasa la Biblia la watoto kanisani kwetu Ruwi. Bintiye Shukrani anasomea nyumbani mwaka wa tatu sasa na anataja manabii wadogo wote kumi na wawili kwa pumzi moja. Ijumaa iliyopita alivuta pumzi akaanza kuwataja kinyumenyume. Lameck alikuwa ananitazama mimi, si mtoto.

Mtaala wake haujui mtu. Nimemuuliza mara mbili. Jibu lake: "Ndugu yangu, omba kwanza, Bwana atakuonyesha." Nimeomba. Sijaonyeshwa. Kwa hiyo nitajionyesha mwenyewe.

Mpango: kesho jioni nakwenda kwake kuazima drili. Akienda kuitafuta, napiga picha vitabu vyake.

Wakesho amelitoa sanduku la nguo juu ya kabati. Amelipangusa vumbi. Nikasema lilikuwa chafu kweli. Akasema, "Ijumaa, Baba Mkawasi."

Jumanne, 26 Agosti 2025

Ushindi!

Lameck anakaa ghorofa ya nane. Drili ilikuwa garini, na lifti ya jengo lake, yaani jengo la fundi wa lifti, ilikuwa imekwama. Dakika kumi na mbili! Mkewe alikuwa jikoni anachemsha chai. Nikaiendea rafu.

Shida ndogo. Vitabu vyote amevifunika kwa karatasi za kaki, kona zimekunjwa kama tulivyofunzwa shuleni, na juu ya kila kimoja ameandika SHUKRANI na mwaka. Hakuna jina la mtaala. Hakuna kitu. Nikachukua kilichochakaa zaidi, maana kinachochakaa ndicho kinachotumika, nikapiga picha kurasa arobaini na nane bila kupumua. Habari za Nuhu. Maandishi meusi, na katikati maandishi mekundu. Mpangilio mzuri sana.

Lameck akarudi ametota jasho. Nikamshukuru, nikanywa chai ya mkewe, nikaondoka kwa furaha.

Nimefika Azaiba bila drili.

Jumatano, 27 Agosti 2025

Nimechapa kurasa zote ofisini Al Khuwair, wakati wa mapumziko. Printa yetu ni ya rangi nyeusi tu, kwa hiyo maandishi mekundu yametoka meusi kama mengine. Si neno.

Ila mashine ilikwama ukurasa wa tano, na aliyekwenda kuikwamua ni Safwan, mkubwa wangu. Sisi tunauza vigae. Akanijia na mchoro wa safina mkononi, akaniuliza mteja gani huyu ameagiza vigae vya meli, na hizi dhiraa mia tatu ni mita ngapi. Wazee wake waliishi Mwanza, Kiswahili anakisema kama mimi, sikuwa na pa kujificha. Nikasema ni masomo ya binti yangu. Akatazama tena. Akasema, "Nabii Nuhu namjua, yaa Mwakio. Alijenga kwa amri. Wewe karatasi zangu umezichukua kwa amri ya nani?" Kisha akacheka, akaniambia nimalize nirudi stoo.

Jioni nikamkabidhi Mkawasi. Ajabu! Ukurasa ameusoma mara mbili tu, ameushika wote. Nimemwambia asibadilishe hata neno, maana ndivyo Shukrani anavyofanya. Akauliza kwa nini kitabu hiki kinaongea na mtu mwingine. Nikasema ndio mtindo wa kisasa.

Katika jedwali nimeongeza mtaala wa nne. Sijui jina lake. Nimeuandika Kaki. Alama 118 kwa 100.

Alhamisi, 28 Agosti 2025

Sijala. Jina la mtaala bado sina, na Wakesho anataka jina. Hawezi kukubali "Kaki".

Mpango: kesho baada ya ibada nitamwomba Lameck amuulize Mkawasi maswali hadharani. Atashangaa. Akishangaa atasifu, na akisifu atautaja mtaala wake, maana hawezi kumsifu mtoto wa mtu bila kujitia ndani. Nalidaka jina, namletea Wakesho, sanduku linarudi juu ya kabati.

Nimeona ndani ya sanduku. Gauni la njano la Mkawasi limeshaingia. Na mswaki wake wa akiba.

Ijumaa, 29 Agosti 2025



Ibada ilikwenda vizuri. Baadaye watu wakakusanyika kivulini kwa chai, Shukrani akataja manabii, watu wakapiga makofi. Nikasogea. Nikamwambia Lameck kwa sauti ya kusikika kwamba hata wangu amejisomea kidogo habari za Nuhu, amjaribu. Lameck akatabasamu. Akamwinamia Mkawasi, akamuuliza kwa nini Nuhu alimtii Mungu.

Mkawasi akanyoosha mgongo, akafunga macho, akasema:

"Majibu yatatofautiana. Kubali jibu lolote lenye busara."

Lameck akadhani amesikia vibaya. Akauliza safina ilikuwa na ghorofa ngapi.

"Tatu. Mwanafunzi asipokumbuka, mrudishe ukurasa wa kumi na mbili bila kumkaripia."

Mama mmoja akamwaga chai. Lameck akauliza swali la tatu, polepole sana, macho yakiwa kwangu: Je, tunajifunza nini kwa njiwa? Mkawasi akajibu kwamba mtoto ataje walau mambo matatu, na kwamba huu ni wakati mzuri wa mzazi kupumzika na kunywa maji.

Nilikipiga picha kitabu cha mwalimu. Kile chenye majibu kwa wino mwekundu. Ile kaki, jamani! Ile kaki!

Kanisa zima lilicheka, na Lameck kuliko wote. Akanishika bega akasema, "Ndugu yangu, tangu Jumanne najiuliza, mtu gani anapanda ngazi ghorofa nane kuazima drili, halafu anaiacha juu ya kochi?"

Tukarudi Azaiba. Mkawasi aliniuliza kama alikosea. Nikamwambia hapana. Hilo ndilo jibu pekee la kweli nililotoa wiki hii.

Nyumbani Wakesho akafungua droo ya chini ya kabati. Akatoa kitabu kilichofunikwa kaki. SHUKRANI, 2023. Ndugu wa kile nilichokipiga picha, ila hiki ni cha mwanafunzi! Mama Shukrani alimwazima tangu Julai. Mkawasi yuko ukurasa wa sitini na moja. Wanasoma kila asubuhi kwa Bi Khole.

Nikauliza, sasa ndege ya nini? Nikauliza, jina ulikuwa unalitakia nini? Wakesho akasema kitabu anacho. Tangu Juni nimepima mitaala minne, sijamuuliza mtoto hata siku moja leo amesoma nini. Kama atasoma bila baba, afadhali akasome bila baba kule kwa bibi kwenye hewa baridi. Akasema ndege ni kesho saa moja jioni.

Sikuwa na jedwali la hilo.

Jumamosi, 30 Agosti 2025

Asubuhi nilikaa sakafuni na Mkawasi na kitabu. Bila kalamu. Mikono yangu haikujua pa kukaa.

Tulisoma kurasa tatu. Akaniuliza samaki nao waliingia safinani au waliachwa wafurahi? Nikafikiri. Nikafikiri tena. Jasho likanitoka. Nikamwambia, "Majibu yatatofautiana."

Alicheka mpaka akalala chali. Nikasikia jikoni mtu mwingine anacheka, anajizuia, anashindwa. Kisha nikamsikia Wakesho kwenye simu anaziachia nafasi mbili za ndege, na akiulizwa sababu, anasema baba mtoto ameanza shule.

Sharti ni moja: kila siku saa kumi na moja jioni, nusu saa, mimi na mtoto na kitabu. Hakuna kupima.

Bi Khole akaniita getini akanipa halua kwenye kisahani. Akasema, "Nnakwambia siku zote, unanitazama kama nnaota."

Gauni la njano limerudi kabatini. Namshukuru Mungu. Nimejifunza sana wiki hii.

Jumapili, 31 Agosti 2025

Nusu saa ya kwanza imekwenda vizuri. Nadhani. Nitajuaje? Ndiyo shida. Mkawasi alicheka mara nne, akapiga miayo mara mbili. Je, mara mbili ni nyingi? Sina cha kulinganishia.

Nimefungua jedwali dogo tu. Nusu Saa ya Baba. Vigezo kumi na vinne. Nimelificha kazini, ndani ya faili la vigae vya bafuni, Wakesho halioni.

Mama Shukrani amemwambia Wakesho kwamba Lameck akimsomea bintiye hubadilisha sauti kwa kila mnyama. Kwa kila mnyama! Hata twiga! Twiga analia vipi?

Jumanne nakwenda kwake kuazima ngazi.