Kipimamvua cha Sikudhani

Jumatatu, 4 Machi 1974
Kibuta. Saa tatu asubuhi nimepima mvua. Sifuri. Siku ya kumi na tisa hii.
Amekuja Bwana Evodius wa ofisi ya hali ya hewa, kwa baiskeli ya kuazima, maana petroli haipatikani. Anasema Ulaya kuna kompyuta inayojaa nyumba nzima. Imeikata dunia yote miraba miraba, na kila mraba unataka namba moja tu. Sisi wa Kisarawe tumo mraba mmoja na Gwata ya Kibaha! Vipimamvua viwili, nafasi moja. Mwisho wa mwezi kimoja kitang'olewa.
Hiki alikuwa akikipima marehemu mke wangu, Sikudhani, miaka sita. Daftari limejaa mwandiko wake. Kikiondoka, nitakuwa naamka kufanya nini?

Alhamisi, 7 Machi
Nimewaza. Nani atakitunza kipimamvua mahali pasiponyesha? Ni sawa na kufuga kuku asiyetaga. Mpimaji wa Gwata ni Leodegar, mtu wa bara, anavaa soksi kwenda shambani. Lazima nimzidi.
Lakini Sikudhani hakuandika uongo hata siku moja, na mimi siandiki. Kwa hiyo nimechota kikombe cha maji mtungini, nikamimina ndani ya kipimamvua, kisha nikapima kwa uaminifu. Milimita ishirini na mbili. Ndizo nilizoandika.

Ijumaa, 15 Machi
Mama mkwe, Bi Mwanamvua, yuko nami tangu msiba. Leo nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akasema mtungi unavuja. Kisima kiko mwendo wa saa mbili, na maji yanapungua hata siku ambazo hajachota. Nimeukagua mtungi pande zote. Nimeupaka nta. Ameniombea dua.
Nimeona haya, nikashindwa kumtazama. Wiki hii vikombe vinne.

Jumanne, 26 Machi
Ushindi! Barua ya Bwana Evodius imefika. Kibuta imechaguliwa. Sasa mvua yetu ndiyo mvua ya mraba mzima, mpaka baharini. Leodegar ameandika kunipongeza, kwa wino wa buluu, na kuuliza kama siku moja aje anitazame nikipima. Anasema asubuhi zake zimekuwa ndefu. Sikumjibu.
Nimekwenda kaburini kumweleza Sikudhani. Nimelia kama mtoto.

Jumamosi, 6 Aprili
Mwenyekiti wetu, Abeid, alikwenda wilayani kuomba mahindi ya njano, yale ya msaada. Amerudi na gunia tupu. Alionyeshwa karatasi: Kibuta, mwezi wa tatu, milimita mia mbili na kumi. Aliulizwa kama tunataka mahindi au mitumbwi. Gwata, ambayo Leodegar aliiandikia sifuri mpaka siku ya mwisho, imepata malori matatu.
Abeid anataka kujua ni mjinga gani aliyeandika hayo. Nimesema huenda mashine imekosea.
Jioni mama mkwe amechemsha mizizi ya porini. Amenipa yote, akasema yeye ameshakula. Hakula. Najua, maana Sikudhani naye alikuwa akidanganya hivyo hivyo.

Jumapili, 14 Aprili
Mama hajainuka tangu Ijumaa. Alfajiri mvua imenyesha, mvua ya kweli, watu wametoka nje na sufuria. Nimesimama mbele ya kipimamvua. Nikiandika mvua hii, mahindi hatuyapati tena. Nisipoiandika, nimemsaliti Sikudhani.
Akili ikanijia. Maji niliyachukua kwa mama, basi nimrudishie mama. Kabla ya saa tatu nimemimina yote kwenye kikombe. Vikombe viwili kamili. Nimemwinua kichwa, akanywa kidogo kidogo. Akasema alhamdulillahi, mtungi umeacha kuvuja.
Saa tatu nikarudi kupima. Hamkuwa na tone. Nikaandika sifuri, kwa uaminifu, chini ya mwandiko wake.