Naomba Nirudishiwe D Yangu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kutuongoza sisi wenye vichwa vigumu. Mimi ni mwanafunzi wa useremala, meza namba saba, yule ambaye kicheko chake hukufikia mpaka ofisini. Wenzangu huniita Bingwa. Jina nilijipa mwenyewe, lakini wamelizoea.

Mkuu, nimeonewa. Nimepewa A.

Ilikuwa hivi. Siku ya mtihani wa kutengeneza stuli, zamu ya kufagia karakana ilikuwa yangu. Nikashusha stuli zote, nikafagia, nikazirudisha: yangu nikaiweka meza namba nane kwa jirani yangu Kimya, yake nikaiweka kwangu. Haki ya nani sikukusudia, zote zilikuwa na miguu. Mwalimu wetu husahihisha kwa namba ya meza. Kimya akaambulia D. Nilipokwenda kumweleza mwalimu, akacheka: "Kijana, acha unyenyekevu!" Mimi, unyenyekevu! Tangu nizaliwe sijatukanwa hivyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. A inaua bidii. Nilipokuwa mtu wa D nilifika karakana kabla ya mwenye funguo. Sasa nafika saa nne, napita katikati ya meza mikono nyuma, nashauri watu. Randa yangu imeota kutu. Hata stuli niliyokalia nikiandika barua hii ni matunda ya D zangu, na haitikisiki!

2. A imeharibu nyumba yetu. Mama amebandika karatasi ya matokeo juu ya televisheni, kwa hiyo kila taarifa ya habari wananitazama mimi. Mjomba naye kaleta mbao nimtengenezee kitanda cha ndoa yake. Mkuu, mjomba ana kilo mia na kumi, na mchumba wake si haba. Unataka roho za watu mikononi mwako?

3. Kimya, ambaye maneno yake kwa wiki hayazidi matatu, anapiga msasa ubao uleule tangu Jumatatu, umebaki mwembamba kama karatasi. Nikamuuliza, dada, kulikoni? Akasema, "Kumbe sijui kazi." Ya wiki nzima kayamaliza hapo.

4. Mwenye A anapelekwa kiwanda cha samani Jumatatu ijayo. Nikienda mimi, watanigundua kabla ya chai. Chuo kitaaibika, kitafungwa, utakosa kazi, utakuja kuomba hifadhi kwa mjomba, na atakulaza kwenye kile kitanda.

Kwa hiyo naomba A apewe Kimya, aende yeye, nami nirudishiwe D yangu na bidii yangu. Ikiwezekana chuo kizima tupewe D, uone tutakavyochapa kazi.

Nisalimie walimu wote, karani wako, na mlinzi wa getini ambaye siku hizi ananipigia saluti bila sababu.

Wako mwenye jasho la mbao,
Bingwa, meza namba saba

N.B. Sahihi imekwenda kombo kwa sababu stuli imevunjika nikiwa juu yake. Kimya kaja, kaitazama, kasema neno moja la ziada: "Gundi." Dakika tano, imesimama. Kwa hiyo ile hoja kwamba D hunifundisha kazi, ifute. Lakini D yenyewe nirudishie, Mkuu. Ile angalau niliitengeneza kwa mikono yangu.