Vipimo Saba vya Malkia Victoria

Jumatatu, 3 Machi 1952
Edith, jirani yetu, haongei tena Kiswahili. Papa yake amepata carte du mérite civique, ile kadi Wabelgiji wanampa Mkongo waliyemwona mstaarabu, basi hata bombani ni bonjour tu. Jumamosi tume inakuja kwetu kuona kama tunaishi kistaarabu. Papa ameingoja kadi hiyo miaka miwili. Kabatini tuna vikombe vya bati. Aibu. Nina wazo.

Jumanne, 4 Machi
Mzee Amisi, muuza vitu vya zamani sokoni, ana vigilasi saba vya Muingereza aliyerudi kwao. Kioo kizito, mistari ya kupimia, taji la Malkia Victoria. Nilizunguka meza yake mara nne kabla ya kufungua kinywa. Akasema mutoto wangu, hivi vilipima vinywaji vya bantu bakubwa. Nikamwachia viatu vyangu vya komunyo.

Alhamisi, 6 Machi
Edith alikuja kuomba chumvi, akaviona, akasahau chumvi. Mama akauliza viatu iko wapi. Nikasema kwa fundi. Nitaungama.

Jumamosi, 8 Machi
Mabwana watatu. Mimi nyuma ya pazia. Walisifu vitanda, walisifu uma. Kisha mmoja akachukua kigilasi, akasoma mistari, akakinusa. Akamuuliza Papa anapimia nini. Hapo tu nikakumbuka kile ambacho kila mtu mtaani anajua: sisi weusi tumekatazwa pombe kali. Mwenye vipimo saba ni nani, kama si muuza lutuku, ile pombe ya kuchemshwa kwa siri?
Nikatoka nyuma ya pazia, nikasema kwa Kifaransa kwamba ni vya dawa ya minyoo. Tuko saba, kila mtu na chake. Bwana akauliza nani anakunywa hadi mstari wa juu. Nikasema Papa.
Wameahirisha kadi miezi sita. Kwanza tutibiwe.

Jumatatu, 10 Machi
Muuguzi amekuja na dawa. Akasifu vipimo. Papa amekunywa hadi mstari wa juu, akiniangalia machoni. Edith alichekea dirishani, kwa Kiswahili.

Jumanne, 11 Machi
Papa ameamuru nivirudishe. Mzee Amisi hakuwa na viatu tena, alishaviuza. Amenibadilishia kitu kizuri zaidi: chupa ya kioo yenye tumbo kubwa na shingo ndefu iliyopinda. Anasema Muingereza alichemshia maji humo, yakidondoka upande wa pili safi kabisa. Nimeificha chini ya kitanda. Tume ikirudi, itakaa katikati ya meza.