Daraja la Holou

Redio, kama tunavyomwita msomaji wetu wa magazeti, alifika kwenye kibanda cha chai gazeti likiwa limeshakunjwa kwenye ukurasa alioutaka, na hiyo ndiyo dalili kwamba habari ni mbaya. Habari nzuri huisoma njiani, akafika nayo imekwisha.

"Ukurasa wa tano," akasema, akaketi kwenye benchi bila kuagiza chai. "'Giboni mpweke wa Bokulani kuhamishwa.'"

"Nani huyo?" akauliza Hakimu. Hakimu hajawahi kuingia mahakamani maishani, lakini hakuna ubishi Bokulani asioutolea hukumu.

"Holou wetu. Yule nyani asiye na mkia, anayeimba asubuhi."

"Sasa si waandike holou. Giboni ndiyo nini?"

"Ndilo jina lake vitabuni, Mjomba," nikasema. "Hata wako Waingereza wenye jina hilo. Waandishi wa historia, maafisa wa jeshi."

"Nao walikuwa na nyusi nyeupe kama zake?"

"Sijui. Nilisoma walichoandika tu."

"Miaka mitatu chuoni, nyusi hajui," Hakimu akawaambia wenzake. Tangu nirudi kutoka Guwahati wananiita Digrii, na kila siku wanahakikisha jina halinipi kiburi.

"Mwacheni mtoto. Redio, soma," akasema Phulmai, mwenye kibanda. Alikuwa ameacha kukoroga.

Redio akasoma. Watu wa misitu wangekuja Jumatatu saa tatu na wavu, wampeleke dume yule kwenye bustani ya wanyama mjini. Hana mwenza. Jike aliye karibu yuko ng'ambo ya barabara, kwenye miti ya kivuli ya shamba la chai, na kati yao pana pengo lisilo na mti. Holou hashuki chini. Akikosa tawi la kushika, hapo ndipo dunia yake imeishia.

Kila mtu akachungulia kikombe chake kana kwamba ameona nzi. Pengo lile sote tulikuwa tumekaa ndani yake. Kibanda kipo kando ya pale uliposimama msufi mkubwa, ule ambao Phulmai aliukata miaka miwili iliyopita baada ya tawi lake kuvunja paa akiwa ndani.

"Semeni tu," akasema Phulmai. "Ni mimi niliyeukata."

"Nani kasema kitu, Dada?" akajibu Hakimu.

"Mnanyamaza kwa sauti kubwa sana."

Akatumiminia chai nyekundu, akaweka na vipande vya sukari guru ambavyo hatukuwa tumeviomba. Mume wake alifariki mwaka ule ule wa msufi. Aliwahi kuniambia kwamba asubuhi zile za mwanzo hakuwa na sababu ya kutoka kitandani, ila holou akiimba peke yake juu ya mfenesi, aliona aibu kubaki amelala. Sasa Jumatatu ilikuwa siku nne mbele.

"Tumkamate wenyewe," akasema Hakimu. "Tunamtia kwenye kapu, namvusha kwa baiskeli yangu. Hatua thelathini tu."

"Wewe jogoo wa harusi ya binti yako alikushinda," akasema Redio. "Tulikula dengu."

"Jogoo yule alikuwa na hila."

"Na holou ana mikono mirefu kuliko baiskeli yako."

"Basi tuwaoze. Si juzi tu tuliwaoza vyura ili mvua inyeshe? Tuliwapaka manjano, tukawaimbia, chura jike tukamvisha hadi ushungi. Tufanye hivyo hivyo."

"Mvua yenyewe ilinyesha?"

"Ilinyesha."

"Ilinyesha kijiji cha pili, Hakimu. Kwetu lilipita wingu, likatusalimia, likaenda zake."

"Isitoshe," Hakimu akaendelea, "kuna tatizo la heshima. Huyu dume akivuka, atakuwa amehamia kwa mke. Umewahi kuona bwana harusi anahama kwao na kwenda kuishi ukweni?"

Watu wote wakageuka kumtazama Redio. Miaka kumi na moja Redio anaishi kwa wazazi wa mkewe, na kwetu jambo hilo halizeeki.

"Chai yangu iko wapi?" akauliza Redio.

Pembeni ya benchi alikuwa Mzee Dimbeswar, akitafuna popoo na tambuu taratibu. Tunamwita Daraja. Kila kijito cha hapa kina kivuko cha mianzi alichokifunga yeye, na huwa haongei hadi wengine waishiwe.

"Kutoka mfenesi wa Hakimu hadi mkuyu ule wa shambani," akasema, "ni mianzi mirefu minne kwa kila mstari. Nguzo moja katikati, nyuma ya kibanda. Jumapili jioni daraja linakuwa limesimama."

"Daraja la nyani?" akauliza Hakimu.

"La kuvukia. Sijamuuliza mtu yeyote kabila lake kabla ya kuvuka."

"Mianzi itoke wapi?"

"Kwangu," akasema Phulmai, akavua aproni palepale. "Kata kichaka chote kilicho nyuma ya nyumba. Nilikata mmoja, nitakata arobaini."

Siku tatu kibanda kilijiendesha chenyewe. Mtu alijipikia chai, akaacha kikombe kichafu, akaenda kushika kamba. Wapwa wawili wa Daraja walipanda, yeye akasimama chini na kuamrisha kwa fimbo. Phulmai alipasua mianzi hadi viganja vikatoka malengelenge. Nilipomwomba panga nimpokee, aliniambia nikasome.

Jumapili saa tisa, sakafu ya daraja ikiwa imekamilika juu ya barabara, Daraja akaita mianzi mingine.

"Ya nini tena, Mzee?" akauliza Redio.

"Ufito wa kushikia."

Hakimu akacheka hadi akakaa chini. "Mzee, huyu ni holou. Si bibi anayetoka sokoni na kapu kichwani."

"Sijawahi kufunga daraja lisilo na pa kushikia."

"Muwekee na taa basi. Muwekee kibao, 'punguza mwendo.'"

"Mtu akianguka kwenye daraja langu, watasema nani alilijenga?"

"Hataanguka huyo. Amezaliwa juu."

"Basi huo ufito ni wangu mimi, ili nilale," akasema Daraja, na wapwa wake wakafunga ufito mrefu upande mmoja, kutoka mti hadi mti. Kwa kuwa alipima kwa bega lake mwenyewe, na yeye ndiye mrefu kuliko sote, ulikuwa juu sana. Redio akapanda hadi kwenye mfenesi akafunga gamosa jipya, kitambaa cheupe chenye nakshi nyekundu, kama tunavyomvisha mgeni wa heshima. Phulmai akapanga ndizi katikati ya sakafu.

Jioni ile holou alikuja. Alikaa kwenye mfenesi, mweusi, nyusi zake nyeupe zimepanda kama za mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza. Aligusa sakafu kwa mguu. Ikayumba. Akaurudisha mguu, akalichukua gamosa, akaondoka nalo.

"Zawadi amepokea," akasema Hakimu. "Safari amekataa."

Hakuna aliyecheka sana.

Jumatatu tulijaa kibandani kabla ya saa moja, hata wale wasiokunywa chai. Phulmai aliwasha moto bila kutazama juu. Kisha wimbo ukaanza kule kwenye mfenesi, ule ule wa kila siku, unaopanda kama swali. Ng'ambo, kwenye shamba la chai, jike akajibu. Walikuwa wakiitikiana hivyo kwa misimu miwili, pengo la msufi likiwa katikati.

Holou akashuka hadi mwanzo wa daraja. Akagusa sakafu kwa mguu. Ikayumba. Akarudi nyuma.

"Basi tena," akasema Hakimu kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza hukumu yake haikumfurahisha.

"Subiri," akasema Daraja.

Mkono mrefu mweusi ukatoka majanini, ukapapasa hewani, ukaupata ufito wa kushikia. Ukauvuta mara mbili, kama fundi anayejaribu kazi ya mwenzake. Kisha akajiachia. Alining'inia upande wa nje, miguu ameikunja, akabembea mkono baada ya mkono juu ya barabara, juu ya kibanda, juu ya vichwa vyetu vilivyoelekea mbinguni, wala sakafu tuliyoihangaikia siku tatu hakuigusa hata kwa kidole. Alipofika kwenye mkuyu, majani yakatikisika, kisha yakatulia.

"Nilisema nini?" akauliza Daraja.

"Hukusema kitu, Mzee," akajibu Hakimu. "Ulisema ni ili ulale."

"Nimelala vizuri."

Ndipo wimbo ukaanza tena, na safari hii zilikuwa sauti mbili kutoka mti mmoja, moja ikipanda na nyingine ikiidaka kabla haijashuka. Phulmai alikuwa akimimina chai kwenye kikombe changu. Kilijaa, kikafurika, chai ikaenda mezani, ikaanza kudondoka kwenye goti la Redio, naye Redio akavumilia bila kusogeza mguu.

Saa tatu juu ya alama gari likasimama. Akashuka afisa kijana mwenye wavu mabegani, akasalimia vizuri, akauliza tunaweza kumwonyesha yule giboni mpweke.

Phulmai akajifuta uso kwa ncha ya nguo yake.

"Mpweke hatuna, mwanangu," akasema. "Alikuwepo mmoja. Ameoa. Anaishi ukweni."

Afisa akatazama daraja, akatazama ufito, akasikiliza kule shambani kwa muda mrefu kidogo. Kisha akauweka wavu chini ya benchi, akauliza kama kuna chai.

Redio akamsogezea nafasi. Akainua kikombe chake kuelekea mkuyu.

"Karibu, ndugu yangu," akasema. "Miaka kumi na moja nimekuwa mwanachama peke yangu."